Dalsima si gitaa lililong'oka freti

"Fundi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Fizi, nimekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na sasa tuna miaka sita hapa Lexington, Kentucky. Kwenye kwaya ya kanisa napiga gitaa la solo. Mwezi wa kumi jirani yetu, bibi Mmarekani, alihamia kwa binti yake, akaniachia chombo cha mbao kirefu na chembamba, chenye matundu ya umbo la moyo na nyuzi nne, mbili zikiwa zimekaribiana. Alisema ni dalsima ya marehemu mumewe. Nimekishindwa. Kwanza, freti, vile vyuma vinavyokatiza ubao chini ya nyuzi, hazilingani, kuna mapengo makubwa, naona nyingine ziling'oka, na nataka kuziongeza. Pili, nikiukaza uzi mwembamba ufike E kama uzi wa kwanza wa gitaa, unakatika. Nimeshakata mitatu. Rafiki amenishauri ninunue nyuzi nene. Kutoka kidaraja hadi kidaraja nimepima sentimita 73. Tatu, nilikitundika ukutani juu ya tundu la hita, na tangu baridi ianze kimepata ufa mgongoni, urefu wa kidole, na ncha za freti zinanikwaruza mkono. Mwingine ameniambia dalsima ya kweli hupigwa kwa nyundo, hii ni ya bandia. Ndani kuna karatasi imeandikwa kwa mkono lakini siisomi vizuri. Nikitengeneze, nikiuze, au kibaki pambo?"

Marahaba, ndugu yangu. Kama bado hujanunua freti za kuongeza, usinunue, na kama msumeno umeshautoa, urudishe sandukuni. Nilivyokuelewa, mambo matatu yamekupata kwa mpigo, freti, nyuzi na ufa, nawe umeyachukua kuwa dalili za ugonjwa mmoja: kwamba umepewa chombo kibovu. Ufa ni tatizo la kweli na nitaufikia. Hayo mawili ya kwanza si ubovu hata kidogo. Mkono wako umezoea gitaa, kwa hiyo umeipokea dalsima kama gitaa lenye kasoro.

Tuanze na freti. Gitaa limepangwa kwa nusu toni, freti kumi na mbili ndani ya oktava moja, ndiyo maana unaweza kuanza wimbo popote. Dalsima ya milimani, yaani ya milima ya Appalachia kama hii yako, haikuwekewa zote hizo. Imewekewa noti za ngazi peke yake, zile mlizoimba kwenye mazoezi ya kwaya: do, re, mi, fa, so, la, ti, do. Na kama mwalimu wenu aliwahi kuichora ngazi hiyo ubaoni, utakumbuka kwamba hatua zake hazilingani. Kutoka mi kwenda fa ni nusu hatua, kutoka ti kwenda do ni nusu hatua, kwingine kote ni hatua nzima. Basi yale unayoyaita mapengo ni hatua nzima, na pale freti mbili zinapokaribiana kama ndugu wawili kwenye mkeka mmoja, ni nusu hatua.

Usiniamini kwa maneno, chukua tepu upime. Kwa uzi wa sentimita 73, ukianzia kidaraja cha upande wa vifunguo, freti ya kwanza inapaswa kuwa karibu na sentimita 8, ya pili 15.1, ya tatu 18.3, ya nne 24.3, ya tano 29.6, ya sita 32, na ya saba 36.5, yaani nusu kamili ya uzi, ambapo oktava inapatikana. Ukiona tofauti ya milimita moja au mbili usishtuke, mafundi wengi wa zamani walizipanga kwa sikio. Halafu pitisha ukucha juu ya ubao kati ya freti na freti. Freti iliyong'oka huacha mfereji mwembamba ulio wazi au uliozibwa. Kama hakuna mfereji, hakuna kilichowahi kung'oka.

Kuna kipengele kimoja hapa kinachowachanganya hata wapigaji wazoefu. Ukiuhesabu uzi mtupu, yaani usiobonyezwa, kuwa do, freti ya sita haikupi ti, inakupa ile ti iliyoshushwa ambayo walimu wa kwaya huiita ta. Wazee wa milimani hawakuhangaika nayo. Waliianza do kwenye freti ya tatu, na kuanzia hapo ngazi inakwenda sawasawa hadi ya kumi. Mafundi wa miaka ya 1970 na kuendelea, ambao wateja wao walitaka kuanza do kwenye uzi mtupu, waliongeza freti moja kati ya sita na saba, na kwa kuwa hawakutaka kuvuruga hesabu iliyozoeleka wakaiita "sita na nusu". Kwako ingekaa kwenye sentimita 34.3. Kama ipo, vizuri. Kama haipo, huihitaji, na nitakuonyesha namna ya kucheza bila hiyo.

Kusema kweli, wewe wa kutoka kandokando ya Ziwa Tanganyika ungetakiwa kuielewa dalsima haraka kuliko jirani zako. Ulizia wazee kuhusu zeze la fimbo, si lile la Wagogo linalopigwa kwa upinde, hapana, lile lenye ubao mwembamba, kibuyu chini yake, na vinundu vichache vilivyochongwa juu kama freti. Uzi mmoja unabeba wimbo, nyuzi nyingine hazibonyezwi kabisa, zinavuma tu mwanzo hadi mwisho. Hiyo ndiyo dalsima. Nyuzi zako mbili zilizokaribiana hubonyezwa pamoja kama uzi mmoja na ndizo zinazoimba. Ya kati na ile nene zinavuma chini yake. Mpigaji gitaa akiona hivyo anajisikia amefungwa mikono, kwa sababu anatafuta zile kodi (chords) zake tatu na hazioni. Mpiga zeze angekaa akaanza.

Sasa nyuzi zinazokatika. Rafiki yako amekushauri kwa nia njema, lakini ushauri wake ungekuletea hasara kubwa kuliko nyuzi tatu. Uzi mnene una nguvu zaidi, ni kweli. Lakini pia ni mzito zaidi, na uzi mzito unataka kuvutwa kwa nguvu zaidi ndipo utoe noti ileile. Mambo hayo mawili yanapanda sambamba, yanafutana. Ndiyo maana nyuzi za chuma kitupu zenye urefu sawa, nyembamba kwa nene, hukatika karibu na noti ileile. Ukiweka nene zaidi, noti ya kukatikia haisogei, ila mzigo unaoukalia mbao unaongezeka, na mbao za dalsima mara nyingi zina unene wa milimita 3 tu.

Kinachoukata uzi wako ni urefu ukichanganya na noti. Gitaa la kawaida lina uzi wa sentimita 65 hivi. Wewe una 73. Kuupandisha uzi wa sentimita 73 hadi E ya uzi wa kwanza wa gitaa ni sawa na kuchukua gitaa lako na kuukaza uzi wa kwanza mpaka F kali (F♯), freti mbili nzima juu ya kawaida. Ungeinamisha uso karibu na uzi huo? Ukishuka hadi D, uzi wa dalsima unakuwa na mkazo uleule wa E kwenye gitaa, yaani salama. Kwa hesabu ya kilo: uzi wa unene wa inchi .012 kwenye urefu wako unavutwa kama kilo 11 ukiwa D, na zaidi ya kilo 13 ukiwa E. Toni moja tu, lakini mvuto umepanda kwa robo nzima, kwa sababu noti ikipanda kidogo mvuto hupanda kwa kipeo chake cha pili.

Nina swali moja kabla hujaagiza nyuzi nyingine: hiyo mitatu ilikatikia wapi? Kama kila mmoja ulikatika mahali tofauti, ni mkazo tu. Kama yote ilikatikia palepale, tuseme kwenye kidaraja cha juu au kwenye kitobo cha kifunguo, hapo kuna ncha kali inayokata. Sugua taratibu kwa msasa laini kabisa uliokunjwa, kisha paka mfereji unga wa ncha ya penseli ili uzi uteleze.

Na sasa mkazo ninaokushauri, ambao utamaliza maneno yote ya kukatika. Chukua gitaa lako. Uzi mnene wa dalsima, ule unaokuwa mbali na tumbo lako, ulinganishe na uzi wa nne wa gitaa ukiwa mtupu, D. Uzi wa kati ulinganishe na uzi wa tatu wa gitaa ukibonyezwa freti ya pili, A. Zile mbili za wimbo nazo zilinganishe na A hiyohiyo. Wapigaji huuita mkazo huu DAA. Ukiwa hapo, uzi wako mwembamba unavutwa kama kilo 6 tu, karibu nusu ya ulivyokuwa ukiutesa.

Tuje kwenye ufa, na hapa nitakaa kidogo maana ndiko watu wanakoharibu.

Unakumbuka milango ya mbao ya nyumbani? Masika unausukuma kwa bega, kiangazi unafunguka kwa kidole. Mbao inakunywa unyevu ikanenepa, ikiukosa inakonda, na inakonda kwa upana, kukatiza mistari yake. Kwa urefu haibadiliki kiasi cha kuonekana. Baridi ya Kentucky ni kiangazi kilichojificha. Hewa ya nje ikiwa na baridi kali hubeba maji kidogo sana, hita ikiipasha hewa hiyo ndani ya nyumba unyevu wake unaweza kushuka hadi asilimia 20 au 30, ilhali mafundi wengi huunda vyombo kwenye asilimia 45 hadi 50. Wewe umekitundika juu ya tundu la hita lenyewe. Mgongo wa dalsima umegundishwa pande zote, ukitaka kukonda hauna pa kusogea, basi unapasuka kufuata mstari wa mbao. Na zile ncha za freti zinazokukwaruza ni habari hiyohiyo: chuma hakikondi, ubao wa freti umekonda, freti zimebaki zimechungulia nje kama miguu iliyozidi kitanda.

Kosa kubwa ni kuujaza ufa sasa hivi. Najua kwa sababu nililifanya. Miaka yangu ya kwanza ya ukarabati nililetewa dalsima mwezi wa kwanza, ufa mwembamba juu karibu na tundu la moyo. Nikachonga kijiti cha mbao kikaingia sawasawa, nikagundisha, nikasugua, ukipitisha kidole huoni kitu. Nikajisifu. Mwezi wa saba mwenyewe akairudisha. Mbao ilikuwa imenenepa kwa joto la unyevu, ikakuta nafasi yake imejazwa, ikapasuka upya sentimita moja pembeni ya kijiti changu. Nilitengeneza zote mbili bila malipo.

Kwa hiyo kiondoe ukutani leo. Legeza nyuzi zote noti mbili tatu chini. Nunua kipima unyevu kidogo, si ghali, uone nyumba yako ina asilimia ngapi. Kisha kiweke chombo ndani ya begi lake au sanduku, pamoja na kisanduku cha sabuni ulichokitoboa matundu na kutia sponji iliyokamuliwa, isiyodondosha maji. Sponji isiguse mbao. Usipake maji, usipake mafuta ya kupikia, usiweke bafuni penye mvuke. Kirudi polepole, kwa wiki mbili au tatu, mpaka kipimo ndani ya begi kikae kwenye arobaini na kitu. Mara nyingi ufa wa namna yako hujifunga wenyewe kiasi cha kushindwa kuingiza karatasi, na ncha za freti zikarudi ndani. Hapo ndipo fundi huingiza gundi kidogo na kubandika ndani viraka vidogo vya mbao kukatiza ufa, usifunguke tena.

Gundi ya haraka ya kwenye mirija, ile inayoshika vidole, isikaribie kabisa. Inaingia ndani ya mbao, na fundi anayekuja baada yako hawezi kuitoa. Mafundi wa ala hupenda gundi ya ngozi ya wanyama kwa sababu ikipashwa joto na kulowanishwa inaachia, chombo kikafunguliwa bila kuvunjwa.

Huyo aliyekuambia habari za nyundo hajakosea kabisa, amechanganya mbili zenye jina moja. Ipo dalsima nyingine, sanduku lenye umbo la trapeza na nyuzi nyingi, linalopigwa kwa vijiti viwili vidogo vya mbao. Hiyo ni ndugu wa santuri ya Iran na Iraki. (Kwetu santuri imekuwa sahani ya muziki, lakini fungua Danieli sura ya 3 katika Biblia ya Kiswahili utaikuta imepangwa pamoja na kinubi na zeze. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 nayo ina neno dalsima katika aya hizohizo.) Yako ni ya ukoo mwingine. Wengi hudhani ilitoka Uskoti au Ayalandi pamoja na nyimbo za kale za milimani, lakini umbile lake linafuatia sheitholti, ala ya Wajerumani waliohamia Pennsylvania, ambayo nayo ilikuwa na freti za ngazi na nyuzi za kuvuma. Ilishuka kwenye mabonde ya Appalachia, na mafundi wa huko wakaipa kiuno na mioyo. Huko ikakutana na banjo, ambayo asili yake ni Afrika. Sasa nani wa bandia hapo? Jimbo unaloishi limeitangaza dalsima hii kuwa ala yake rasmi tangu mwaka 2001.

Karatasi iliyomo ndani ni muhimu kuliko unavyodhani, isipate gundi wala sponji. Washa tochi, ingiza kwenye tundu moja, piga picha kwa simu kupitia tundu jingine. Kama utaona Kaunti ya Knott, iliyo mashariki mwa Kentucky, namba, na mwaka wa mwanzoni mwa karne iliyopita, acha kila kitu na utafute mtu wa kukiangalia. James Edward Thomas, aliyezaliwa 1850 na kufariki 1933, alitengeneza dalsima huko tangu takriban 1871, akizipa namba na tarehe. Lakini sitaki kukupa matumaini ya bure. Freti za Thomas zilikuwa vipande vya waya vilivyopindwa na kupigiliwa chini ya nyuzi za wimbo tu, hazikuvuka ubao mzima. Zako zinakukwaruza mkono, maana yake zimefika ukingoni. Hiyo ni dalili ya kazi ya baadaye, inawezekana ya miaka ya 1960 au 1970, wakati watu walipoanza kuzitengeneza kwa wingi, wengine kwa vifurushi vya vipande vya kujiunganishia nyumbani.

Inaweza pia kuwa na jina la fundi mzuri. Hapo Winchester, mashariki kidogo ya Lexington, aliishi Homer Ledford, aliyefariki 2006 akiwa ametengeneza takriban dalsima 6,000 kwa mikono yake. Au karatasi hiyo ina jina la marehemu mwenyewe, kwamba aliiunda akiwa amestaafu, kwenye gereji. Mpigie yule bibi umuulize. Kwa upande wa kuuza, nikuambie wazi: dalsima ya kawaida isiyo na jina, yenye ufa, haina bei ya maana. Mimi singeiuza. Singeiacha iwe pambo pia, hasa ukutani hapo.

Sasa kuicheza kanisani. Ilaze mapajani, vifunguo upande wa kushoto, nyuzi mbili za wimbo zikiwa upande wa tumbo lako. Mkono wa kushoto shika kijiti kifupi cha mwanzi, urefu wa kidole, ubonyeze nyuzi za wimbo nyuma kidogo ya freti, si juu yake. Utakuwa ukiteleza kutoka noti hadi noti na mwanzi utalia kidogo kwenye uzi. Mlio huo ni sehemu ya ala, uache. Mkono wa kulia piga nyuzi zote nne. Hesabu hivi: do iko freti ya tatu, re ya nne, mi ya tano, fa ya sita, so ya saba, la ya nane, ti ya tisa, do ya juu ya kumi. Na chini ya do unazo noti tatu zaidi: ti freti ya pili, la ya kwanza, so uzi mtupu. Hii ndiyo sababu napendekeza DAA kwa mtu wa kwaya. Nyimbo nyingi za vitabu vya kanisani huanzia so ya chini au hushukia huko, na hapa imekusubiri uzi ukiwa mtupu.

Kizuizi chake pia nikuambie. Nyuzi zinazovuma hazibadiliki, kwa hiyo utapiga katika D, basi. Mwongoza kwaya akitaka E, mwambie mshuke D. Wenye sauti ya kwanza watakuombea baraka. Akitaka C, legeza zote toni moja, chombo hakina shida ya kushuka. Wimbo unaohama ufunguo katikati, rudi kwenye gitaa lako. Na nyimbo za huzuni, zenye la kama nyumba yake, zitakutaka ukaze upya nyuzi za wimbo ziwe C, kisha uanze kwenye freti ya kwanza. Jaribu hilo baadaye, ukishazoea.

Wakati gani umpelekee fundi ana kwa ana? Baada ya wiki hizo tatu, kama ufa bado unapitisha karatasi. Mara moja, bila kusubiri, kama ufa umefika chini ya kidaraja, kama mgongo umeachana na ubavu, au kama ukiangalia ubao wa freti kwa jicho moja kutoka mwisho unauona umepinda kama upinde. Mchague anayetengeneza ala za nyuzi, si fundi wa samani. Muulize atatumia gundi gani na akupe bei kabla hajagusa. Kule Hindman, makao ya Kaunti ya Knott, mwendo wa saa mbili na kitu kwa gari kutoka kwako, kuna mafundi wanaofundishwa kazi hii hadi leo. Mji ule ulipigwa na mafuriko makubwa ya Julai 2022, kwa hiyo piga simu kwanza, usifunge safari kwa kubahatisha.

Halafu watafute wapigaji. Watu wa dalsima ni wapole kuliko sisi wa gitaa, sijui kwa nini. Pengine ala isiyo na noti za kujionyeshea inafukuza wenye majivuno. Hukutana kwenye maktaba na kumbi za makanisa, wanakaa duara, wengi ni wastaafu, na mgeni anawekewa kiti karibu na mtu wa taratibu. Wengi wao watakutajia Jean Ritchie, mwimbaji na mpiga dalsima, mzaliwa wa Viper hapo Kentucky mwaka 1922, wa mwisho kati ya watoto 14. Baba yake aliwakataza watoto kuigusa dalsima, naye akawa anaiiba na kujifunza kwa siri. Akaenda nayo New York, na huko watu ambao hawakuwahi kuiona wakaanza kuitaka. Wapigaji wa namna yake walipiga kwa unyoya wa bata bukini, upande wa shina, badala ya plastiki. Ukipata unyoya, jaribu. Sauti inalainika na huchubui mbao.

Jambo dogo la mwisho kuhusu duara hilo: wengi wao hukaza DAD siku hizi, nyuzi za wimbo zikiwa D ya juu. Nyote mtakuwa kwenye D, mtasikilizana vizuri, lakini karatasi zao zimeandikwa namba za freti za DAD na hazitalingana na zako. Waambie mapema kwamba umekaza DAA, weka karatasi pembeni, na ufuate do re mi yako ya Nyarugusu.